Chupa ya Nyumba ya Ishirini na Tatu

Inatangazwa kwa heshima na taadhima, kwa wasomaji wote wa Temeke, Kinondoni na viunga vyake hadi Pugu, kwamba sehemu hii ya nane ya hadithi yetu tukufu itasomwa kwa kusimama wima, kofia mikononi, redio zimezimwa, watoto wameoshwa nyuso. Atakayeisoma huku anatafuna muhogo atahesabiwa kuwa amehujumu fasihi ya taifa changa.

Haya, kaa. Najua umekaa. Na najua ukurasa wenyewe umeupata umefungiwa vitumbua. Tuanze kabla mafuta hayajafika kwenye maneno.

Wiki iliyopita tulimwacha Eufrazia, yule anayeitwa Mama Maziwa na Temeke nzima, amesimama katikati ya ofisi ya tawi, mikono kiunoni, anaitazama gilasi. Ilikuwa saa tatu asubuhi. Bwana afya Nassibu alikuwa amemimina maziwa kutoka kwenye jagi, ndani ya gilasi ile ndefu na kutumbukiza kipima chake, na watu wote walikuwa wamebana pumzi.

Kipima hicho, kwa ambao hamjawahi kukutana nacho, ni kijibomba cha kioo chenye risasi tumboni. Kwenye maziwa halali huelea kama tajiri anayeoga. Kwenye maziwa yaliyotiwa maji huzama.

Kilizama. Kilizama mpaka shingoni.

"Maji," alisema bwana afya.

"Uongo," alisema Eufrazia.

"Mama, kipima hakina mdomo wa kusema uongo."

"Basi aliyekiletea maziwa anao."

Aliyeleta maziwa yale alikuwa Ndugu Sadallah, mwenyekiti, amekaa nyuma ya meza na suti yake ya mifuko minne, na kila mfuko una kalamu. Alivuta karatasi kutoka chini ya kitabu cha wageni, akakohoa kikohozi cha mkutano, akasoma:

"Kwa kuwa imethibitika kwamba Kasimiri na mkewe Eufrazia wanawauzia wananchi maji kwa jina la maziwa, leseni yao imefutwa. Ng'ombe wao sita watachukuliwa leo saa sita mchana, wapelekwe kwenye shamba la umma."

Eufrazia aliirudia hesabu moyoni. Ng'ombe sita! Jumanne, Ijumaa na wenzao, kila mmoja kapewa jina la siku aliyozaliwa. Akishuka leo jioni kwenye zizi lile na kulikuta tupu, atamkamua nani? Atakuwa nani?

Lakini macho yake yalikuwa yameshaona kitu.

"Mwenyekiti, karatasi hiyo imepigwa chapa."

"Naam. Sie tunafanya kazi kwa utaratibu."

"Imepigwa chapa lini?"

"Leo asubuhi."

"Ofisi hii ina mashine ya kupigia chapa?"

Sadallah alitazama ukutani, labda mashine ingejitokeza. "Haina. Imepigwa mjini."

"Mjini wanafungua saa moja na nusu. Sasa hivi saa tatu. Ulikwenda, ukapigiwa, ukarudi, ukanywa chai, ukakaa hapo. Ulipanda nini, Mwenyekiti? Roketi?"

Watu waliojazana mlangoni wakaangua kicheko. Bwana afya hakucheka, ila aliichukua karatasi ile, akaisoma tarehe, akainua nyusi moja. Ilikuwa ya juzi. Maziwa yalikuwa ya leo.

"Nilijiandaa!" alisema Sadallah. "Kiongozi anaona mbali!"

Mumewe Eufrazia, Kasimiri, alimvuta khanga. Kasimiri ni mtu wa sauti ndogo, anayemwomba radhi hata ng'ombe kabla ya kumkamua. Akamnong'oneza: "Mama Anjelina, tuombe msamaha, yaishe."

"Msamaha wa nini? Umetia maji?"

"Sijatia."

"Mie nimetia?"

"Hujatia."

"Basi kaa."

Kasimiri akakaa.

Nyuma yake alisimama binti yao wa pekee, Anjelina, mwanafunzi wa kidato cha tatu aliyekuja likizo kutoka shule ya bweni. Huyu ni msichana mpole, mwenye adabu ya kupigiwa mfano. Katika hadithi hii hana kosa lolote, na hatutamtaja sana.

Sadallah alipoona watu wanacheka upande wa pili, alibadili silaha.

"Ndugu zangu, hebu tujiulize! Hawa watu wametokea wapi? Kusini. Na kusini kuna ng'ombe? Hakuna, kuna mbung'o! Mmakonde anachonga ng'ombe, hakamui!"

"Kweli kabisa," alisema Eufrazia, na mwenyekiti akashangaa kukubaliwa. "Kwetu ng'ombe walikuwa wa misheni tu. Na aliyekuwa akiwakamua ni huyu mliyemwona amekaa. Padri alikuwa anasema Kasimiri akimshika ng'ombe, maziwa yanakuja yenyewe kumsalimia."

Kasimiri akatazama viatu vyake.

"Tulifika Pugu, akapata kazi kwa Mzungu mwenye shamba. Ilipokaribia Uhuru yule Mzungu akafunga masanduku. Mshahara wa mwisho hakutoa. Alitoa majike mawili, akasema chukueni au acheni. Tukachukua. Tukawaswaga kwa miguu kutoka Pugu, mie na mtoto mgongoni. Jumanne wa kwanza akakataa kuvuka reli. Alisimama katikati ya reli kutwa nzima, garimoshi lilipiga honi mpaka dereva akashuka akamwomba."

"Tufupishie," alisema Sadallah.

"Umeuliza tumetokea wapi, nakujibu. Tuliingia Temeke tarehe nane Desemba. Kesho yake bendera yetu imeshapanda, watu wamecheza ngoma mpaka wamechoka, mtaa mzima umelala fofofo. Mie nikajitwika debe nikaanza kugonga milango. Mlango wa kwanza kufunguka ulikuwa wa Bi Mwajabu. Akaniuliza, 'Wee mwanamke, sikukuu leo, unauza nini?' Nikamwambia maziwa. Akanicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaleta birika."

Eufrazia akavuta pumzi. Alikuwa ameisahau hofu. Alikuwa tena na debe kichwani.

"Nyumba moja zikawa tatu. Mume wangu akanunua baiskeli, akasema yeye ana aibu ya kugonga milango ya watu, niendeshe mie. Nikaendesha. Watoto walinikimbilia kunizomea, leo wana watoto wao na nawapelekea maziwa. Bi Mwajabu akanifundisha mambo ya huku. Akaniambia, 'Mwanangu, Ramadhani usituletee maziwa alfajiri, nani atakunywa?' Tangu mwaka ule Ramadhani ikifika tunakamua alasiri, nafika kila nyumba kabla ya adhana ya magharibi. Ng'ombe wangu wa Kikristo, Mwenyekiti, wanaujua mwezi mtukufu kuliko wengine waliokaa humu."

Mlangoni mtu mmoja akasema "Eee!" kwa nguvu, kisha akajifanya si yeye.

"Haya ndiyo maisha yetu, huu mwaka wa kumi na nne. Nchi ilipozaliwa, mie nilikuwa mlangoni na maziwa."

"Na leo una ng'ombe sita!" Sadallah alipiga meza, kalamu moja ikaruka mfukoni. "Ukabaila huo! Unyonyaji!"

"Kwangu anayenyonya ni ndama peke yake."

Kicheko cha safari hii kilitikisa bati.

Eufrazia hakungoja kiishe. Aliinama mezani, uso kwa uso na mwenyekiti. "Sasa na mie nikuulize. Maziwa haya ya maji yametoka nyumba gani?"

"Nyumba ya mwananchi."

"Ana jina?"

"Halitajwi. Kwa usalama wake."

"Usalama wake na nani? Na Jumanne?" Akamgeukia bwana afya. "Mwanangu Nassibu, mie nina nyumba ishirini na tatu. Kila nyumba ina chombo chake, namimina kwenye chombo hicho hicho kila siku. Na kila nyumba huacha bilauri moja bila kuchemsha, ya kugandisha. Waite waje na vyombo vyao. Upime vyote."

"Haiwezekani!" alisema Sadallah. "Ushahidi umeshapokelewa!"

Bwana afya Nassibu alikuwa kijana mwembamba, ametoka chuoni karibuni, na alikipenda kipima chake kama wengine wanavyompenda mchumba. Alikifuta kwa leso, polepole.

"Mwenyekiti," alisema, "tulifundishwa kwamba kipimo kimoja si kipimo. Waitwe."

Ikatakiwa miguu ya kukimbia. Anjelina, yule msichana tuliyekubaliana tusimtaje sana, alikuwa ameshatoka kabla jina lake halijaitwa. Alikimbia kwa kasi ambayo haijapata kuonekana kwa mtu asiye na kosa.

Wa kwanza kufika alikuwa Bi Mwajabu mwenyewe, bibi wa miaka sabini, baibui limemkaa upande, birika kifuani kama mtoto mchanga.

"Shikamoo, Bibi," alisema bwana afya.

"Marahaba. Tumbukiza hicho kisindano chako, nina mchuzi jikoni."

Maziwa yakamiminwa. Kipima kikaingia. Kikacheza kidogo, kikasimama.

Kinaelea!

"Halali," alisema Nassibu.

"Nilikuwa najua," alisema Bi Mwajabu. "Mie nakunywa maziwa haya tangu wewe hujajua kuandika jina lako."

Wakaja wengine. Jagi la enameli lenye maua. Chupa ya sharubati. Sufuria, kopo, chupa iliyofungwa kamba nyekundu shingoni. Mwalimu mmoja alikuja na chupa ya wino iliyooshwa, akaona aibu, lakini maziwa ndani yake yalikuwa halali. Kila kipima kilipoelea watu walipiga makofi, na kila makofi yalipopigwa Sadallah alishuka kidogo kwenye kiti. Bwana afya alikuwa akihesabu kwa sauti, naye hakuweza kuficha furaha yake.

"Ishirini... ishirini na moja... ishirini na mbili. Halali!"

Akasimama na kipima mkononi. "Ya ishirini na tatu iko wapi?"

Hakuna aliyesogea.

"Nyumba ya ishirini na tatu ni ya nani?"

Watu wa Temeke ni wastaarabu. Walimtazama mwenyekiti tu, wote, kwa pamoja, kama watu wanaotazama jua linavyozama.

Eufrazia naye alinyamaza. Angeweza kusema. Miaka mitatu nyuma, leseni ilipotakiwa kugongwa muhuri, muhuri ule ulikuwa ukipotea kila akija kuuomba. Siku alipoacha chupa moja ya maziwa mlango wa nyuma wa nyumba fulani, muhuri ukaonekana. Tangu hapo kila asubuhi alibisha mlango ule wa nyuma. Alikuwa hajamwambia mtu. Aliona haya, na haya ile ndiyo iliyomfunga mdomo sasa, karatasi ya mwenyekiti isingeweza.

"Hiyo nyumba haipo!" alisema Sadallah. "Mama huyu hajui kuhesabu!"

Mlango ukasukumwa.

Akaingia Hamisa, mke wa mwenyekiti, khanga begani, mkononi chupa ndefu ya kijani isiyo na kitu. Alikuwa ametoka jikoni moja kwa moja. Hakujua kilichokuwa kikiendelea mle ndani, na hakuuliza. Alimwendea Eufrazia.

"Mama Maziwa, leo umenikosea."

"Nimekukosea nini, dada yangu?"

"Maziwa ya leo maji matupu! Mume wangu kaonja, kakasirika, kayamimina kwenye jagi kaondoka nayo mbio, hata chai hajanywa. Sasa mie nauliza, sie tumekufanyia nini? Mwaka wa tatu huu tunakunywaga maziwa yako. Tumewahi kulalamika?"

"Hamjawahi."

"Tumewahi kukurudishia chupa chafu?"

"Hata siku moja."

"Tumewahi kukusumbua na habari za kulipana?"

Hamisa aliangalia huku na huku. Akaona vyombo ishirini na viwili vimejipanga mezani. Akaona jagi lake mwenyewe mbele ya bwana afya. Akamwona mumewe ameufunika uso kwa kitabu cha wageni.

"Kwani," alisema taratibu, "kuna nini hapa?"

Bi Mwajabu alianza kucheka. Alicheka kicheko kile kile cha mwaka wa Uhuru, mpaka akatafuta pa kukaa. Na ofisi nzima ikamfuata.

Hapo mwandishi mwingine angeishia, harusi ikafuata na mbuzi akachinjwa. Sivyo ilivyokuwa.

Sadallah alisimama. Rangi ilikuwa imemtoka, lakini hakuwa mtu wa kuanguka peke yake. Alikwenda dirishani, akatoa leso nyeupe, akaipunga mara mbili.

Barabarani injini ikanguruma.

Eufrazia alisikia mlio mwingine chini ya ngurumo ile. Aliujua mlio ule kama anavyoijua sauti ya mwanawe. Alikuwa Jumanne.

Alikimbilia dirishani. Lori lilikuwa limesimama upande wa pili, na juu yake, wamebanana kama magunia, ng'ombe wake sita. Wakati yeye anasimulia habari za debe na Uhuru, watu walikuwa zizini kwake.

"Ulisema saa sita!"

"Kiongozi anaona mbali," alisema Sadallah.

Lori likaanza kusogea. Eufrazia aligeukia mlango, lakini mlango ulikuwa umejaa watu, na kabla hajawapenya, mtu mmoja alikuwa ameshatoka. Bi Mwajabu. Alikwenda na birika lake hadi katikati ya barabara, akaliweka chini mbele ya gurudumu, akakunja baibui, akakaa pembeni yake.

Dereva akafunga breki. Akachungulia.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Naomba njia, Bibi."

"Njia hiyo. Pita."

"Nipite wapi?"

"Hapa hapa. Juu yangu."

Dereva akatazama mbele, akatazama nyuma, akavuta breki ya mkono. Injini hakuizima. Mwenyekiti alikuwa akimtazama kutoka dirishani, na naye ana watoto wa kulisha.

Wale wanawake wengine walichukua vyombo vyao mezani, kimoja kimoja, wakatoka, wakakaa.

Eufrazia alirudi kwa bwana afya. Machozi yalikuwa karibu, akayameza. "Unaona, Nassibu. Umepima mwenyewe. Andika karatasi, uwarudishe ng'ombe wangu."

Kijana yule alikuwa ameshika kalamu, na uso wake ulikuwa wa mtu anayetaka kufanya jambo ambalo kitabu chake hakimruhusu.

"Mama, ya mwenyekiti yatakwenda kwa wakubwa wake, hilo nakuahidi. Lakini hili jagi lina maji. Sheria hainiulizi kama maziwa yaliuzwa au yalitolewa. Inaniuliza nani aliyeyatia maji. Kama ni mwenye ng'ombe, leseni imekwenda na lori linakwenda. Kama ni mtu mwingine, mwenye ng'ombe hana hatia, nakuandikia sasa hivi. Huyo mtu nitamwandikia barua kwa mwajiri wake. Kama ni mwanafunzi, kwa mkuu wa shule, na hao huwa hawana mchezo. Nahitaji jina."

"Mie sikutia."

"Nakuamini. Jina."

Eufrazia alifumba macho. Akaipitia asubuhi yake nyumba kwa nyumba, kama anavyoipitia kwenye baiskeli. Kukamua, kuchuja kwa kitambaa, kujaza vyombo na kuvipanga kwenye kapu. Nyumba ya kwanza, Bi Mwajabu, birika. Ya pili, ya tatu. Alifika kwa mwalimu. Akafika nyumba ya kumi na tisa.

Na hapa, wasomaji, nafasi yetu imekwisha. Mhariri ni mkali, wino umepanda bei, na ni bora tuagane wakati bado tunapendana...

"Pancha," alisema Eufrazia.

Naam. Ilikuwepo pancha. Asubuhi ile, kwenye nyumba ya kumi na tisa, gurudumu la nyuma lilipasuka. Msimulizi alisahau kuitaja.

Hakusahau.

Eufrazia alifumbua macho. Aligeuka taratibu, akampita mumewe, akamtazama yule msichana mpole, mwenye adabu ya kupigiwa mfano, ambaye kwa wakati huo alikuwa akisoma kwa bidii tangazo la chanjo ya ndui lililobandikwa ukutani.

"Anjelina. Chupa nne za mwisho nilimpa nani azimalizie kwa miguu?"

Basi. Nimekamatwa.

Wiki nane nimejificha nyuma ya neno msimulizi kama mwizi nyuma ya mgomba, nikijisifia adabu. Msichana huyo ni mie. Chupa ya kijani niliibeba mie. Nilikaa chini ya ukuta, nikanywa nusu, nikajaza maji ya bomba la mtaani, nikatikisa, nikabisha mlango wa nyuma nikitabasamu.

Mnataka kujua kwa nini. Kila likizo nilikuwa nikimwona mama yangu, mtu asiyemwinamia mtu, anafika kwenye mlango ule wa nyuma na kuteremsha macho. Nikasema mwenyekiti naye anywe kitu cha kufanana naye. Nikadhani ni utani tu. Shuleni nilishamtilia Sista Yustina chumvi kwenye bakuli la sukari na dunia haikuisha. Sikujua kwamba mwenyekiti ana karatasi imelala chini ya kitabu, inangoja tone moja la maji. Tone hilo nikampelekea mie, mlangoni kwake, kama wafanyavyo watu wa familia yetu.

"Ni mie, Mama," nikasema.

Sauti ilitoka ndogo. Nikairudia kwa bwana afya. "Ni mie. Anjelina Kasimiri, kidato cha tatu. Andika."

"Usimwandike," alisema Mama. "Mtoto huyu ana homa. Niandike mie."

"Mama! Watachukua ng'ombe!"

"Ng'ombe huzaa ng'ombe. Shule ikishakutapika haikumezi tena." Hakuniangalia aliposema hivyo. Alikuwa akilitazama lori. "Andika Eufrazia, Nassibu. Nilitia maji. Nilichoka kumnywesha bure."

"Andika Kasimiri."

Tuligeuka wote. Baba alikuwa amesimama.

"Leseni ina jina langu," alisema. "Maji nilitia mie."

"Kaa, Baba Anjelina."

"Leo sikai."

Nje Jumanne alilia, na mlio wa injini ukapanda. Mtu alikuwa akimpigia dereva kelele. Bwana afya alitutazama mmoja mmoja, Mama, Baba na mie, akakaa kwenye kiti cha mwenyekiti, akavuta karatasi.

Shule ya bweni imenifundisha mambo mengi ambayo hayamo kwenye mtihani. Moja ni kusoma mwandiko juu chini, kutoka upande wa pili wa meza, wakati matroni anaandika majina ya wakosaji. Nimelisoma jina langu hivyo mara nyingi kuliko nilivyolisoma likiwa wima.

Nikainama. Nikaitazama ncha ya kalamu ya Nassibu ikigusa karatasi. Nilikuwa nimesema ukweli, kwa mara ya kwanza likizo ile, na kwa sauti ya kusikika.

Herufi ya kwanza ya jina aliloandika haikuwa A.